Saa, Siku na Miaka: Maradhi ya Viungo vya Uzazi vya Mwanamume na Wakati wa Kumwona Daktari

Nilipokuwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni ya Kanda ya Ziwa, mwenzetu mmoja aliamka usiku wa manane akigumia kwa maumivu. Mlezi wa bweni alipomwuliza anaumwa nini, alijibu, "Tumbo, mwalimu." Akapewa vidonge vya tumbo, akarudi kitandani. Alfajiri alitapika. Mchana aliulizwa tena, naye akasema tena kuwa ni tumbo. Ilipofika jioni ndipo alipomnong'oneza rafiki yake kwamba kilichokuwa kikimwuma hasa ni korodani ya kushoto. Alipofikishwa hospitalini ulikuwa umekwisha kupita muda wa saa 18 tangu maumivu yaanze. Daktari wa upasuaji aliikuta korodani hiyo imejisokota na kufa, ikambidi aiondoe.

Kijana yule alipona, na leo ni baba wa watoto, maana korodani moja yenye afya yatosha kwa kazi ya uzazi. Hata hivyo alipoteza kiungo ambacho kingeweza kuokolewa. Hakukosa dawa, hakukosa gari, wala hakukosa daktari. Alikosa neno moja tu, ambalo hakuweza kulitamka mbele ya mtu mzima.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari ili jambo kama hilo lisiwapate wengine. Shabaha yake si kumfanya msomaji awe daktari. Shabaha yake ni kumwezesha kujibu swali moja: dalili hii ninayoiona katika mwili wangu yaweza kungoja kwa muda gani?

Kipimo ni muda

Watu wengi hupima uzito wa maradhi kwa maumivu. Kinachouma sana hupelekwa hospitali, na kisichouma huachwa. Kwa viungo vya uzazi kipimo hiki hudanganya. Kidonda cha kaswende aghalabu hakiumi. Kichocho chaweza kuharibu kibofu kwa miaka mingi huku mgonjwa akilima, akivua samaki na kucheza mpira kama kawaida. Uvimbe wa saratani ya korodani mara nyingi huanza bila maumivu yoyote.

Wengine hupima kwa aibu, na kipimo hiki kinadanganya zaidi, kwa kuwa kadiri dalili inavyotia haya ndivyo inavyofichwa, na kadiri inavyofichwa ndivyo inavyozidi kuwa mbaya. Kipimo kinachofaa ni muda. Tunaweza kuyagawa maradhi haya katika mafungu matatu: yale yanayoharibu mwili kwa muda wa saa chache, yale yanayohesabiwa kwa siku, na yale yanayofanya kazi yake polepole kwa miezi na miaka. Kabla ya kuyatazama mafungu hayo, hatuna budi kukumbuka kidogo maumbile ya viungo vyenyewe.

Maumbile kwa ufupi

Korodani ni mbili, nazo hutengeneza mbegu za kiume na homoni ya kiume. Zinaning'inia nje ya mwili katika mfuko wake kwa sababu mbegu huhitaji joto lililo pungufu kwa nyuzi 2 au 3 kuliko joto la ndani ya mwili. Kila korodani imeshikwa na kikonyo chenye ateri inayoleta damu, vena zinazoirudisha, mishipa ya fahamu, na mrija unaopitisha mbegu. Mrija huo huingia ndani ya mwili, ukaungana na mrija wa mkojo karibu na tezi dume, iliyo chini ya kibofu. Hivyo mkojo na shahawa hutoka kwa njia moja, na ugonjwa wa njia hiyo waweza kuathiri vyote viwili.

Jambo moja la maumbile linatusaidia kuelewa kisa cha yule mwanafunzi. Kabla ya mtoto kuzaliwa, korodani huumbika ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha hushuka taratibu hadi katika mfuko wake. Zinaposhuka huburuta mishipa yake ya damu na ya fahamu. Ndiyo maana korodani ikiumia, maumivu yaweza kusikika tumboni, na mgonjwa aweza kutapika. Kijana aliyesema "tumbo" hakusema uongo mtupu. Alisema nusu ya kweli, ile nusu isiyotia haya.

Yafaa pia kutaja mambo yasiyokuwa maradhi, kwa maana huwasumbua vijana wengi bure. Korodani moja kuning'inia chini kidogo kuliko nyingine ni kawaida. Vipele vidogo sana, vya ukubwa mmoja, vilivyojipanga kuzunguka ukingo wa kichwa cha uume ni vya kawaida kwa wanaume wengi, wala haviambukizi. Ute mweupe unaojikusanya chini ya govi huondolewa kwa kuosha kwa maji kila siku. Kutokwa na shahawa usingizini ni dalili ya kubalehe. Na maumbile ya watu hutofautiana kwa ukubwa kama zitofautianavyo pua zao. Dawa zinazouzwa mitaani kwa ajili ya mambo haya hazitibu kitu, maana hakuna ugonjwa wa kutibu.

Fungu la kwanza: maradhi ya saa

Ugonjwa wa kwanza katika fungu hili ni kujisokota kwa korodani. Kwa kawaida korodani imeshikizwa ndani ya mfuko wake isizunguke. Lakini baadhi ya wanaume huzaliwa na korodani zisizoshikizwa vyema, zikining'inia kama ulimi wa kengele. Korodani ya namna hii yaweza kuzunguka juu ya kikonyo chake, wakati wa michezo au hata usingizini. Vena, ambazo kuta zake ni nyembamba, huzibwa kwanza. Damu huingia bila kutoka, na korodani huvimba. Baadaye ateri nayo huzibwa, na seli huanza kufa kwa kukosa oksijeni.

Ugonjwa huu huwapata zaidi vijana wa umri wa miaka 12 hadi 18, yaani umri wenyewe wa wanafunzi wa sekondari. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, mara nyingi pamoja na kichefuchefu au kutapika, na korodani yenyewe huonekana imepanda juu au imelala upande. Operesheni ikifanywa katika muda wa saa 6, korodani nyingi sana, zipatazo 9 kati ya 10, huokolewa. Ikifika saa 12 huokolewa kama nusu yake. Baada ya saa 24 ni chache mno. Daktari akiisha kuinyoosha korodani iliyojisokota, huishona mahali pake, na huishona ile ya pili pia, kwa sababu kasoro ya kushikizwa aghalabu ipo pande zote mbili.

Kwa mkazi wa jiji la Mwanza muda wa saa 6 ni mrefu. Lakini fikirini mwanafunzi aliye katika kisiwa kidogo karibu na Ukerewe, au kijijini ndani ya Kwimba, ambaye maumivu yamemwanza saa nane za usiku. Akingoja kupambazuke, saa 4 zimekwisha kwenda. Akingoja usafiri wa asubuhi, muda wote umekwisha. Kwa hiyo kanuni ni hii: maumivu ya ghafla ya korodani kwa kijana yahesabiwe kuwa ni kujisokota mpaka daktari athibitishe kuwa sivyo. Safari ianze usiku ule ule, na iwe ya kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kupitia zahanati kwa kupata rufaa kusigeuke kuwa kulala zahanati. Mgonjwa asile chakula njiani, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Ugonjwa wa pili wa saa unahusu hasa Kanda ya Ziwa. Ni kusimama kwa uume kusikokoma, kwenye maumivu, bila ya tamaa yoyote. Sababu yake kubwa kwetu ni ugonjwa wa seli mundu. Katika ugonjwa huo wa kurithi, chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu zinapokosa oksijeni, zikaziba mishipa midogo. Zikiziba njia ya damu itokayo kwenye uume, damu hunaswa humo. Uchunguzi wa vichanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amerithi jeni moja ya seli mundu, na zaidi ya 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hesabu hiyo, katika shule kubwa yawezekana kabisa kuwamo kijana mwenye ugonjwa huu.

Kijana wa namna hiyo huamka alfajiri katika hali hii, akajifunika shuka na kungoja. Mwanzoni inafaa anywe maji mengi, aende haja ndogo, atembee, na aoge maji ya uvuguvugu. Asitumie barafu, kwa sababu baridi huzidisha kujikunja kwa chembe. Hali ikiendelea kwa muda wa saa 2, safari ya hospitali ianze. Baada ya saa 4 tishu za uume huanza kudhurika, na akichelewa siku nzima au zaidi aweza kupoteza kabisa uwezo wa uume kusimama. Hata vipindi vifupi vinavyokoma vyenyewe vielezwe kliniki, kwani huweza kutangulia kile kirefu.

Mengine ya fungu hili tuyataje kwa ufupi. Govi lililovutwa nyuma likakwama na kubana kichwa cha uume lirudishwe haraka. Likishindikana, mgonjwa aende hospitali mara moja. Ngiri, yaani utumbo uliopenya kinenani au kwenye mfuko wa korodani, ikiwa ngumu, ikiuma na isirudi ndani, hasa mgonjwa akitapika, inahitaji upasuaji wa haraka. Na mzee ambaye mkojo umemziba kabisa, huku kibofu kimejaa na kuuma, asingoje kesho.

Fungu la pili: maradhi ya siku

Katika fungu hili yamo magonjwa ya zinaa: kisonono, klamidia, kaswende, pangusa na mengineyo. Dalili kuu kwa mwanamume ni tatu: usaha au majimaji yasiyo ya kawaida katika njia ya mkojo, maumivu wakati wa kukojoa, na kidonda au uvimbe wa mitoki ya kinenani. Kisonono kwa kawaida hujionyesha siku 2 hadi 5 baada ya kuambukizwa. Kidonda cha kaswende hutokea baada ya siku 10 hadi 90, mara nyingi kama wiki 3.

Mtego wa magonjwa haya ni kwamba dalili huondoka zenyewe. Kidonda cha kaswende hupona bila dawa katika wiki 3 hadi 6, na mgonjwa hudhani amepona, kumbe vijidudu vimeingia katika damu, navyo huweza baadaye kushambulia moyo, ubongo na mishipa ya fahamu. Usaha wa kisonono nao huweza kukauka, ilhali maambukizo yanapanda hadi kwenye mirija ya mbegu na kuhatarisha uzazi. Kwa hiyo dalili ikitoweka yenyewe si ushahidi wa kupona.

Mkoa wa Mwanza una nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya magonjwa haya. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF, na chuo cha afya na tiba za nchi za joto cha London walianza jaribio kubwa katika vijiji vya mkoa huo. Jumuiya 12 zilipangwa katika jozi 6. Katika kila jozi, jumuiya moja iliboreshewa huduma za magonjwa ya zinaa: matabibu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, dawa zilipelekwa bila kukatika, na wananchi walihimizwa kwenda kutibiwa mapema. Jumuiya ya pili iliendelea na huduma za kawaida ili iwe kilinganisho. Watu wazima wapatao 12,500 walifuatiliwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1995. Katika jumuiya zilizoboreshewa huduma, waliopata maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2, katika jumuiya nyingine walikuwa asilimia 1.9. Yaani maambukizo mapya yalipungua kwa karibu asilimia 40, bila chanjo na bila mashine za gharama kubwa. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: kidonda ni mlango uliofunguliwa katika ngozi, na usaha hukusanya mahali pamoja zile chembe nyeupe ambazo virusi hupenda kuzishambulia.

Msomaji wa sayansi ajue pia kwamba jaribio jingine, lililofanywa Rakai, nchini Uganda, na kutangazwa mwaka 1999, halikupata upungufu huo. Kule watu wote walipewa dawa kwa pamoja kila baada ya miezi 10, badala ya kutibiwa kila mmoja anapougua. Tena UKIMWI ulikuwa umeenea Rakai kwa muda mrefu zaidi. Wataalamu wameyajadili sana matokeo haya mawili. Fundisho mojawapo linalopatikana ni kwamba si dawa peke yake inayofanya kazi, bali pia wakati inapotolewa: tiba inayopatikana karibu, siku dalili inapoonekana, ina thamani yake.

Mwanamume mwenye dalili hizi, basi, aende kutibiwa katika siku ile ile au ya pili yake, aache kujamiiana mpaka apone, na mwenzi wake naye atibiwe. Asinunue kapsuli mbili tatu dukani kwa ushauri wa rafiki. Vijidudu vya kisonono vimekwisha kuzoea dawa nyingi zilizoviua zamani, na dozi pungufu huvifundisha kuzoea zaidi. Tena watafiti wa Mwanza waligundua kuwa wanaume wengi wa vijijini waliokuwa na maambukizo hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo mtu ambaye mwenzi wake amekutwa na ugonjwa aende kupimwa hata kama hajisikii lolote.

Kuhusu tohara, majaribio ya Kisumu nchini Kenya na Rakai, yaliyosimamishwa mwezi Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa dhahiri, yalionyesha kwamba tohara ya kitabibu humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa zaidi ya nusu. Hupunguza, haiondoi. Aliyetahiriwa bado anahitaji kinga nyingine, na bado anahitaji tiba mapema.

Fungu la tatu: maradhi ya miaka

Ugonjwa unaostahili kutangulia katika fungu hili ni kichocho. Mikoa ya Ziwa ina kichocho cha aina mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria na visiwa vyake aina iliyoenea zaidi ni kichocho cha tumbo, ambacho huathiri utumbo na ini. Bara, katika sehemu za Misungwi, Kwimba, Shinyanga na Maswa, kwenye malambo, majaruba ya mpunga na vidimbwi vya msimu, kimeenea kichocho cha mkojo. Tofauti hiyo hutokana na konokono: kila aina ya minyoo hii ina konokono wake, na kila konokono ana maji anayoyapenda. Uchunguzi wa mambo haya una mizizi mirefu hapa kwetu, kwani kituo cha utafiti wa maradhi kilianzishwa Mwanza mwaka 1949.

Mabuu ya kichocho hutoka kwa konokono wakati wa mwanga, hasa kuelekea adhuhuri, yakapenya ngozi ya mtu aliye majini. Minyoo ikikomaa huishi katika vena zinazozunguka kibofu kwa miaka 3 hadi 5, na pengine zaidi. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Baadhi ya mayai hutoboa kibofu na kutoka kwa mkojo. Mengi hunaswa katika tishu, yakasababisha uvimbe na makovu. Damu inayotokea mwishoni mwa kukojoa ndiyo dalili inayojulikana. Katika baadhi ya jamii za Afrika damu hiyo ilihesabiwa kuwa alama ya mvulana kubalehe. Hapana budi kusema waziwazi: mvulana hana hedhi, na damu katika mkojo wa mwanamume si hatua ya ukuaji kwa umri wowote.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mayai hayo hufika pia katika tezi dume, katika vifuko vya shahawa, na pengine katika korodani. Hali hii ilielezwa kutoka Misri tangu mwaka 1911, lakini kwa muda mrefu haikupewa uzito. Katika miaka ya karibuni tafiti za Madagaska, na za wavuvi wa Ziwa Nyasa nchini Malawi, zimeirudisha mbele ya wataalamu. Dalili zake ni damu katika shahawa, shahawa yenye rangi ya manjano au mabonge, maumivu wakati wa kutoa shahawa, na pengine ugumu wa kupata mtoto. Mwanamume mwenye dalili hizi mara nyingi hutibiwa ugonjwa wa zinaa mara kwa mara bila kupona, na ndoa huingiwa na shutuma zisizo za haki. Kwa hiyo anayetoka katika eneo la kichocho amwambie tabibu kwamba alioga au alifanya kazi katika maji hayo, hata kama ni zamani.

Tiba yake ni prazikwanteli, dawa iliyogunduliwa katika miaka ya 1970, ambayo hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, miligramu 40 kwa kila kilo. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haiondoi mayai yaliyokwisha kunaswa wala makovu yaliyokwisha kujengeka. Hapa ndipo muda unapohesabiwa: anayetibiwa akiwa na miaka 12 huokoa kibofu chake, anayengoja hadi miaka 40 aweza kufika akiwa na figo zilizoharibika au saratani ya kibofu. Anayepeleka mkojo kupimwa aukusanye kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.

Mengine ya fungu hili ni haya. Uvimbe mgumu usiouma juu ya korodani uonyeshwe kwa daktari katika wiki ile ile, maana saratani ya korodani, ingawa ni adimu katika Afrika, huwapata vijana, na hutibika vizuri sana ikiwahiwa. Busha, yaani maji kujaa katika mfuko wa korodani, huondolewa kwa operesheni. Lile la minyoo ya matende limeenea zaidi Pwani, lakini mabusha ya sababu nyingine yapo kila mahali. Mtoto wa kiume ambaye korodani yake haijashuka afikapo miezi 6 apelekwe hospitali. Kidonda cha uume kisichopona kwa wiki kadhaa kichunguzwe kwa saratani. Na mwanamume wa makamo ambaye mkojo wake umekuwa wa kukatikakatika, au anaamka mara nyingi usiku, apimwe tezi dume.

Maneno na njia

Katika mazungumzo ya kila siku neno "ngiri" hutumiwa kwa maradhi mengi yasiyofanana: utumbo uliopenya, busha, maumivu ya kiuno, hata upungufu wa nguvu za kiume. Neno moja likibeba magonjwa matano, dawa moja huuzwa kwa yote matano, na muda hupotea. Kadhalika kijana asiyekuwa na neno la heshima la kutaja kiungo chake hutaja tumbo. Lugha yetu haina upungufu huo. Uume, korodani, govi, shahawa na kinena ni maneno safi, yatumiwayo darasani na hospitalini. Mwalimu anayeyafundisha bila kucheka huwapa wanafunzi chombo cha kuokolea maisha yao.

Mwalimu na mlezi wa bweni wazoee kuuliza swali la pili. Mvulana akisema "tumbo", aulizwe faraghani, kwa upole: "Je, korodani nazo zinauma?" Swali hilo huchukua dakika moja. Kwa mgonjwa mwenyewe, kama anaona haya kumweleza mwanamke au kijana wa umri wake, anaweza kuomba kuonana na tabibu mwingine, au kuandika dalili katika karatasi. Tabibu ataangalia, atagusa, atapima mkojo au damu, na ana wajibu wa kutunza siri. Zahanati hutosha kwa kuanza maradhi ya siku na ya miaka. Kwa maradhi ya saa, shabaha ni chumba cha upasuaji: hospitali ya wilaya, ya mkoa, au ya kanda ya Bugando, ambayo imekuwa ikihudumia wakazi wa Ziwa tangu mwaka 1971.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Elimu ya viungo vya uzazi inatuonyesha kwamba methali hiyo yaweza kuwa kweli neno kwa neno.

Jaribio la darasani

Chukua puto refu jembamba, ulikate ncha zote mbili liwe kama mrija. Funga mdomo wake mmoja kwenye faneli, kisha umimine maji na kupima kiasi kinachopita kwa nusu dakika. Zungusha mrija mara moja, upime tena. Uzungushe mara mbili, upime tena. Mwishowe unyooshe na kupima mara ya nne. Wanafunzi waeleze kwa nini mrija uliokunjuliwa hurudia hali yake hata baada ya siku nzima, lakini korodani haiwezi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini maumivu ya korodani huweza kusikika tumboni?
2. Panga dalili hizi katika mafungu ya saa, siku na miaka: damu mwishoni mwa mkojo, maumivu ya ghafla ya korodani, kidonda kisichouma, kusimama kwa uume kusikokoma, uvimbe mgumu wa korodani usiouma.
3. Katika jaribio la Mwanza, kwa nini ilikuwa lazima kuwa na jumuiya za kilinganisho?
4. Mtu ametibiwa kichocho kwa prazikwanteli, kisha akarudi kuoga katika lambo lile lile. Eleza yatakayotokea, na njia mbili za kukata mzunguko huo.
5. Pima, kwa saa, safari ya kutoka shuleni kwenu hadi hospitali ya karibu yenye chumba cha upasuaji wakati wa usiku. Je, shule yenu inajua ni gari gani litakalotumika, au ni mashua gani, na ni nani wa kuamshwa?